Mashine ya Mbao Inayofuata Namba

Fundi seremala mmoja, ambaye ni mhitimu wa kisomo cha watu wazima, alialikwa kuzungumza na wanakisomo wenzake kijijini. Haya ndiyo mazungumzo yake.



Nimeombwa nizungumze juu ya ile mashine iliyoko kwenye karakana yetu. Wengi mmeiona. Wengine mmesikia mlio wake tu mkaulizana, "Leo mafundi wanasaga nini?" Wengine mmeambiwa kwamba tumeiunda wenyewe kwa mbao, mkacheka. Jamani, ni kweli. Tumeiunda wenyewe, na kwa mbao. Lakini imetugharimu, na tumekosea mara nyingi. Leo nitaeleza yote, mazuri na mabaya. Anayetaka kuunda ya kwake asirudie makosa yetu.

Ni mashine gani hii?

Mnaijua kazi ya kuchonga herufi kwenye kibao, kwa mfano kibao cha jina la shule. Seremala huchora herufi kwa penseli. Kisha huzichimba kwa patasi na nyundo. Fundi mwenye umeme hutumia ruta. Ruta ni mota ya mkononi yenye kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi kubwa, mara elfu kumi na zaidi kwa dakika moja. Unaishika kwa mikono miwili na kufuata mstari uliouchora. Mkono ukitetemeka, herufi imeharibika.

Katika mashine yetu, ruta haishikwi na mtu. Imefungwa kwenye daraja la mbao. Mota tatu ndogo zinaisukuma. Ya kwanza huipeleka kushoto na kulia. Ya pili huipeleka mbele na nyuma. Ya tatu huishusha na kuipandisha. Njia hizi tatu zimepewa majina ya herufi: X, Y na Z. Kompyuta huzipa mota hizo amri kwa namba. Vijana huiita mashine ya namna hii "sienisi". Mimi naiita mashine inayofuata namba.

Maarifa haya si ya jana. Huko Marekani, katika miaka ya 1940, alikuwako mtu aliyeitwa John T. Parsons. Yeye alikuwa akitengeneza mapangaboi ya helikopta. Umbo la pangaboi lina mikunjo migumu kupima kwa mkono, akafikiri njia ya kulieleza kwa namba. Mwaka 1952, chuo kikuu kinachoitwa MIT, hukohuko Marekani, kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa kwa namba. Namba zenyewe zilitobolewa kwa matundu kwenye utepe wa karatasi. Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa za viwanda vikubwa tu.

Mambo yalibadilika baadaye. Mwaka 2005, walimu na wanafunzi wa mji wa Ivrea, Italia, walianza kutengeneza kadi ndogo ya umeme iitwayo Arduino. Kadi hiyo inatosha kiganjani. Mwaka 2009, Simen Svale Skogsrud wa Norway aliandika programu iitwayo Grbl. Programu hiyo hukaa ndani ya kadi ile na kuendesha mota. Aliitoa bure kwa watu wote. Basi kitu kilichokuwa cha viwanda vya ndege kikaweza kuingia katika banda la seremala.

Kwa nini mbao?

Sisi tuko watu saba katika kikundi chetu. Binti wa dada yangu amesoma chuo cha ufundi, na ndiye aliyetuletea habari hizi. Tulipouliza bei ya mashine ya kununua, tulinyamaza kimya. Tulipohesabu vifaa vya kuunda wenyewe, vilifika bei ya ng'ombe wawili. Hizo ndizo fedha zilizokuwa katika akiba yetu. Tukazitoa zote. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Mbao tunaijua. Tunaweza kuikata, kuiranda na kuirekebisha tukikosea. Lakini mbao ina tabia yake. Mvua ikija, hunyonya unyevu na kuvimba. Kiangazi kikija, hukauka na kusinyaa. Kwa hiyo fremu hatukuitengeneza kwa ubao mzima wa mti. Tulitumia plaiwudi ya milimita 18. Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizogundishwa pamoja, na nyuzi za kila tabaka zimepishana na za tabaka ya pili. Kwa sababu hiyo haivimbi ovyo. Hata hivyo tuliipaka vanishi kila upande, hata kwenye kingo na ndani ya matundu.

Reli tulitengeneza kwa vyuma vya pembe, vile mafundi wa kuchomelea wanavyoviita engo. Juu yake zinapita beringi ndogo, kama magurudumu ya treni. Beringi hizo zina tundu la milimita 8, nazo ni aina ileile ya viatu vya magurudumu vya watoto wa mjini. Kila mota inazungusha nondo yenye hesi. Kwenye nondo hiyo kuna nati iliyofungwa kwenye mbao. Nondo ikizunguka, nati inasogea, na mbao inasogea nayo. Ni kama jiriwa ya seremala: ukizungusha mkono wake, taya linakwenda.

Kuunganisha mota na nondo tulitumia kipande cha mpira mgumu, tukakikaza kwa klipu pande zote mbili. Mpira unasamehe kidogo kama mota na nondo havikunyooka sawasawa.

Kosa la kwanza: pembe

Tulipomaliza kufunga fremu, tulikuwa na haraka. Tukafunga kalamu mahali pa kisu, tukaiambia mashine ichore mraba. Ikachora mraba uliolala upande, kama kibanda kilichosukumwa na upepo. Tukailaumu kompyuta. Binti akasema, "Wajomba, pimeni daraja."

Tukapima. Daraja halikukaa pembe mraba na meza. Hapo nikaona haya, maana kila mjenga nyumba hapa kijijini anajua dawa yake. Pima sentimita 60 upande mmoja wa kona. Pima sentimita 80 upande wa pili. Ukiunganisha alama hizo mbili, lazima upate sentimita 100 kamili. Ukipata 101, kona imefunguka. Ukipata 99, kona imejifunga. Ni kanuni ileile ya tatu, nne, tano tunayoitumia kwenye msingi wa nyumba. Tulilegeza skrubu, tukanyoosha daraja, tukakaza tena. Mraba ukasimama.

Kosa la pili: hesabu

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kisomo kinapoingia.

Mota zetu haziendi kama mota ya feni. Zinakwenda hatua kwa hatua. Hatua 200 hukamilisha mzunguko mmoja. Nondo yetu ina unene wa milimita 8, na kwa kila mzunguko mmoja nati husogea milimita 1.25. Je, mashine inahitaji hatua ngapi ili isogee milimita moja? Gawanya 200 kwa 1.25. Jibu ni 160.

Sisi hatukugawanya. Tuliona mota ina hatua 200, tukaandika 200. Tukaiambia ichore mstari wa milimita 100. Ikachora milimita 125. Kila kitu kilitoka kikubwa kupita kipimo. Tulihangaika siku mbili tukibadilisha nati na beringi, kumbe kosa liko kwenye namba moja tu. Kuna pia njia ya kuzigawa hatua za mota ziwe ndogo zaidi. Ukifanya hivyo, hesabu nayo hubadilika. Kwa hiyo usiige namba ya mwenzako. Soma vifaa vyako, ufanye hesabu yako.

Kosa la tatu: nukta

Kosa hili ni langu peke yangu.

Amri za mashine zinaandikwa mstari kwa mstari. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: G1 X50 Y20 F300. Maana yake ni: nenda moja kwa moja ukikata, hadi mahali palipo milimita 50 kwenye X na milimita 20 kwenye Y, kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika. Z ikiwa na alama ya kutoa, kisu kinashuka ndani ya mbao.

Tulipata kazi ya kibao cha mninga. Ubao wenyewe ulikuwa mzuri, mkavu, wa mteja. Fremu ya mbao haina nguvu kama ya chuma, kwa hiyo tunakata kidogo kidogo. Nilitaka kisu kishuke milimita mbili na nusu. Ilipasa niandike Z-2.5. Nikaandika Z-25. Nukta nikaiacha.

Mashine haikuniuliza kitu. Fundi mwenzangu angesema, "Ndugu, kweli unataka kwenda chini hivyo?" Mashine haikusema neno. Ikashuka. Kisu kikapenya ubao, kikaingia kwenye meza, moshi ukatoka, kisu kikavunjika. Kipande kikaruka kikapita karibu na sikio la kijana aliyesimama pale. Nikakata umeme.

Ubao wa mteja tulilipa. Kisu tulinunua kingine. Lakini kila nikikumbuka kile kipande, moyo unashtuka. Nukta ile ni ndogo kuliko chawa. Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa akisema kila siku tuhakiki kazi yetu kabla ya kumpelekea asahihishe. Mimi niliona ni mambo ya darasani. Siku hizi kila amri inasomwa na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti, wa pili anafuata kwa kidole. Kisha tunaendesha mashine hewani, kisu kikiwa juu ya mbao bila kuigusa, tuone njia yake. Hapo ndipo tunakata.

Mzee wetu na patasi yake

Katika kikundi chetu yuko mzee mmoja, mchongaji wa siku nyingi. Yeye ndiye aliyenifundisha kunoa patasi. Tulipotoa akiba yote kununua vifaa, alipinga. Alisema, "Fedha hizi nimezichangia kwa mikono yangu, na ninyi mnanunulia kitu cha kuikata mikono hiyo." Wengi tulikubali kununua, yeye akatushinda kwa kukaa kimya. Hakuja karakana miezi miwili.

Mimi nilikwenda kwake, na si kwa heshima tu. Nilikuwa na shida. Kisu cha ruta ni cha mviringo. Kikichonga kona ya ndani, hakiwezi kuacha pembe kali. Kinaacha mviringo, kama mdomo wa kikombe. Mteja mmoja alitaka herufi zenye pembe kali, na kazi yetu aliikataa. Vijana walijaribu kusafisha kona kwa patasi wakazibanja.

Mzee aliitazama kazi muda mrefu. Akasema, "Mashine yenu haina kucha." Akachukua patasi yake. Kona moja, mapigo matatu. Siku ile alimaliza kibao kizima kabla ya adhuhuri.

Tangu hapo amerudi. Mashine inachimba, yeye anamalizia kona na kuchonga maua pembeni. Malipo yake kwa kibao kimoja yamepungua, kwa sababu saa zake kwa kibao zimepungua, lakini vibao vimekuwa vingi. Amesema anaridhika. Lakini sitaki niwadanganye. Yuko kijana mmoja ambaye zamani tulimpa kazi ya kuchimba herufi. Kazi hiyo sasa haipo. Tumempa kazi ya kupiga msasa na vanishi, na fedha yake si kama ya zamani. Jambo hili bado tunalijadili katika mikutano yetu. Tumekubaliana ajifunze kuandika amri za mashine. Naye amejiandikisha darasa la hesabu hapa hapa. Yumo ukumbini leo. Kikundi kinachoingiza mashine lazima kizungumze mapema juu ya mtu ambaye kazi yake itaondoka. Sisi tulichelewa kuzungumza.

Mambo ya hatari

Ndugu zangu, mashine hii ni ya mbao, lakini si mchezo. Shikeni haya:

1. Vaa miwani ya kazi. Kisu kikivunjika huruka kama risasi.

2. Funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri. Vumbi la mbao huumiza mapafu, nalo huumiza polepole bila kelele. Ziba masikio pia.

3. Usivae shati lenye mikono mipana. Mama zangu na dada zangu, fungeni khanga na nywele vizuri.

4. Fungeni ubao barabara kwenye meza, na skrubu zikae mbali na njia ya kisu.

5. Swichi ya kukata umeme wote iwe karibu na mkono, pasipo na kitu mbele yake.

6. Msiiache mashine peke yake ikifanya kazi. Mota ikikwama kidogo na kuruka hatua, mashine haijui. Inaendelea kana kwamba iko mahali pake. Na kisu kikisimama mahali pamoja huku kinazunguka, mbao hupata moto na inaweza kuwaka.

7. Usichomoe waya wa mota wakati umeme umewashwa. Kifaa kinachoendesha mota kinaweza kuungua mara moja. Sisi tuliunguza kimoja.

Jambo jingine ni umeme kukatika. Ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau ilipokuwa. Ukirudi, haijui tena sifuri yake iko wapi. Ndiyo maana tumetia alama ya sifuri kwenye kona ya meza na kwenye kila ubao. Umeme ukirudi, tunairudisha ruta kwenye alama ile, tunaanza tena kutoka mstari tuliofikia.

Je, na wewe uunde?

Nimeulizwa swali hili mara nyingi. Jibu langu ni: kwanza uhesabu kazi ulizonazo. Kama una vibao viwili kwa mwaka, nunua patasi nzuri na jiwe la kunolea. Inatosha. Kama kikundi chenu kinapata kazi nyingi za kujirudia, herufi, mifereji ya milango, mapambo yanayofanana, hapo mashine itawasaidia. Msitarajie ikate chuma. Msitarajie iende mbio.

Pili, msitoe akiba yote kama tulivyofanya sisi. Baada ya kununua vifaa tulikaa miezi mitatu bila fedha za kununua mbao za kazi ya kawaida. Mtoto wa mwenzetu aliugua wakati huo, na kikundi hakikuwa na senti ya kumsaidia. Tulipita nyumba kwa nyumba kuchangisha. Namshukuru Mungu mtoto alipona. Lakini mzee wetu alikuwa na haki ya kukasirika, na leo nasema hivyo mbele yenu, naye ananisikia.

Tatu, anzeni na kalamu. Kalamu haikati kidole wala haiharibu mninga. Chora mraba, upime pembe. Chora mstari wa milimita 100, upime urefu. Chora duara. Duara likitoka na ubapa pembeni, nati imelegea kwenye nondo. Weka nati mbili na springi katikati yake, zisukumane, ulegevu utaisha. Kalamu ikichora sawa, ndipo mfunge ruta.

Nne, asiyejua kusoma asiendeshe, hata kama ni fundi hodari. Asione vibaya. Aje hapa darasani, kama mimi nilivyokuja nikiwa na mvi. Zamani nilipima kwa kamba na shubiri, na nilifanya kazi nzuri. Lakini mashine hii haielewi shubiri. Inaelewa namba iliyoandikwa, na inaitii hata ikiwa namba hiyo ni ya kuvunja meza. Akili yote inabaki kwetu sisi tunaoiandikia.

Namaliza kwa hesabu ya kufanya nyumbani. Jirani yenu ana nondo nene kidogo, ya milimita 10. Kwa kila mzunguko nati yake husogea milimita 1.5. Mota yake ina hatua 200 kwa mzunguko. Anataka mashine isogee milimita 30. Je, nondo izunguke mara ngapi? Na mota ipige hatua ngapi? Andikeni jibu kwenye daftari, mje nalo karakana siku ya soko. Atakayepata ataiandikia mashine jina lake mwenyewe, nasi tutamchongea kwenye ubao, achukue bure. Lakini kwanza mtu wa pili atasoma alichoandika.